Magunia Niliyookota Mezani

Tulikuwa sita kwenye hiyo meza. Mimi mwenyewe, mjukuu wangu ambaye ni kifungua mimba wa binti yangu wa pili, wifi yangu wa Kamukuywa ambaye ni dada ya marehemu mume wangu, halafu wageni watatu: mwalimu mstaafu wa hapo Bungoma, binti yake, na mama mmoja anayeuza vitenge Lwakhakha. Majina yao yote ninayo, hata ya baba zao, maana niliuliza. Siyaandiki kwa sababu sikuwaomba ruhusa.

Tulitoka Kitale alfajiri kwenda Bungoma kwenye mkutano wa michezo ya mezani. Mimi nilidhani ni drafti za vifuniko vya soda, kama zile wanaume wanacheza stendi ya Kiminini. Wacha! Ukumbi mzima ni meza, na kila meza watu wameinama kama wanachagua mchele. Kama hujawahi kwenda, ujue hivi: mlangoni utafungwa utepe wa karatasi mkononi, usiukate mpaka urudi nyumbani. Ukutani kuna rafu ndefu, unaazima mchezo kama vile watu wanaazima vitabu. Usiogope ati hujui. Kuna vijana wa fulana za kijani, kazi yao ni kueleza, ingawa wanaeleza haraka sana. Meza ikikosa mtu, wachezaji wanainua kibendera, na wewe unakaa tu, hata kama hamjuani. Chakula kinaliwa nje, mafuta yasipake ubao. Hilo la chakula ndilo lililoniponza.

Mjukuu wangu alikuja na mchezo wake mwenyewe. Aliuchora juu ya katoni: barabara inatoka Kitale, inapita Kiminini, Kamukuywa na Bungoma, inaishia Lwakhakha. Kila mchezaji ni mkulima anapeleka magunia sokoni, na mwenye kufikisha mengi ndiye mshindi. Mvua inanyesha, lori linakwama. Gunia ni punje: mmoja anacheza na mahindi, mwingine ndengu, mwingine njahi, yale maharagwe meusi. Michezo mipya iliwekwa pembeni, na sheria yake ni moja. Wageni watatu wakiucheza mpaka mwisho kabla ya saa kumi, na wakatia sahihi, unaingia kwenye rafu. Wasipomaliza, unarudi nao kwenu. Asubuhi aliniambia, mimi bibi yake, bila kunitazama, "Kukhu, huu ukirudi nyumbani, nawashia nao moto."

Na nilimjua. Angewasha.

Asubuhi yote hakuna mtu. Watu wanapita, wanatazama, wanaenda kwa meza zenye rangi. Nakaa, nasimama. Nilienda chooni mara tatu bila haja.

"Si ukae, bana," wifi akasema. "Unazunguka kama kuku anatafuta pa kutagia."

"Na wewe umekaa kama gunia limekosa mnunuzi."

"Nimekaa kwa sababu nina magoti. Wewe ya kwako ulinunua wapi?"

Saa sita hivi ndipo mwalimu akaja na binti yake, na yule mama wa vitenge akawafuata. Walikaa. Walicheka. Binti alimwonea baba yake bila huruma. Mimi bado sikutulia. Nilisimama nyuma yao nikitazama kila punje ikisogea. Halafu njaa ikawashika, wakasema wanakula wanarudi kumaliza. Mjukuu akaenda na wifi kutununulia chakula. "Kukhu, angalia meza," akasema.

Nikaangalia. Sasa, kwetu mbegu haiachwi wazi watu wakienda kula. Mama yangu alituchapa kwa hilo. Kuku atakula, panya atabeba, na zikichanganyika utapanda nini? Mikono yangu haikuniuliza. Niliokota punje moja moja, mahindi kikombe chake, ndengu chake, njahi chake, juu ya punje zilizobaki humo, nikapangusa ubao na leso. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo nilijisikia vizuri.

Wakarudi wote pamoja.

"Kukhu," mjukuu akasema polepole, "magunia yako wapi?"

"Si haya hapa? Nimekuchagulia."

Alitazama saa ya ukutani, na hata mimi niliona kwamba kuanza upya hakuwezekani. Mwalimu akachukua kofia yake. "Basi, tuliufurahia," akasema.

"Kaeni!" nikasema. "Kaeni vile mlikuwa."

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kile sikuweza kuandika nilikishika kichwani kwa kukumbuka watu: nani alikaa wapi, alisema nini. Nikaanza kuwapangia. "Mwalimu, lori lako lilikwama Kiminini, ukasema hata gari lako la zamani lilipenda kulala hapo hapo. Magunia matatu. Binti, wewe ulikuwa Bungoma, sita, ukamwambia baba alete jembe ajichimbue." Wakatazamana. Ilikuwa kweli. "Na wewe mama wa njahi, Kamukuywa, manne."

"Matano," mama wa vitenge akasema.

"Manne, mama."

"Nilikuwa na matano, mimi."

Wifi akaingilia. "Huyu akisema manne, ni manne. Anakumbuka hata nguo nilivaa siku nilimtukana."

"Blauzi ya maua ya zambarau," nikasema. "Kifungo cha juu hakikuwepo."

Walicheka, wakakaa. Yakawa manne.

Walimaliza saa kumi ikikaribia. Binti wa mwalimu alishinda, na mama wa vitenge akashindwa kwa gunia moja. Moja tu. Wawili walitia sahihi haraka. Yeye alishika kalamu, akanitazama kwanza, halafu akaandika jina lake.

Mchezo uko kwenye rafu. Mjukuu wangu sasa anachora mwingine, na hanikaribishi mezani wakati wa chakula. Lakini mimi siku hizi nikichagua njahi nauona mkono wangu ukiokota pale Kamukuywa ya ubaoni: moja, mbili, tatu, nne. Halafu kuna siku naiona ya tano.

Mama wa Lwakhakha, ukisomewa haya, au wewe mwalimu, au yeyote aliyepita karibu na meza yetu kabla ya chakula, nirekebisheni. Kama yalikuwa matano, semeni. Nitakuja Lwakhakha mwenyewe na kikombe changu cha njahi, nikwambie mbele ya wateja wako kwamba hukushindwa, mlitoka sare na binti.