Kitanda cha Chuma Mbele ya Stesheni

Kitanda cha chuma hakijui kunyamaza. Hata mtu akijigeuza kwa adabu zote, springi zake hulia kama ndege aliyekanyagwa, kisha hutulia moja baada ya nyingine, kwa kinyongo. Sauti hiyo ninayo nyumbani kwangu mpaka leo. Kila niisikiapo, pua yangu hunusa moshi wa majani mabichi ya mkalitusi, nami hurudi Kolwezi ya utoto wangu, nchini Kongo, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, mbele ya stesheni ya gari la moshi, asubuhi moja ya kipupwe.

Palikuwa na bustani ya umma hapo, ndogo, nyasi zake zimenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule. Ilikuwa na mijakaranda, maua mekundu kandokando, na mabenchi ya kijani ambayo sisi weusi tulijua, bila kuandikiwa popote, kwamba si yetu. Mama yangu aliuza maandazi nje ya uzio wake, nami nilipotoka shule nilikaa naye nikipuliza moto wa mbabula, jiko letu la makaa. Ndipo siku moja tukakikuta kitanda. Kilisimama chini ya mjakaranda, kimetandikwa shuka nyeupe, blanketi limekunjwa pembe zake kama la hospitalini. Ubavuni mwake, chini, juu ya mkeka, alikuwa ameketi mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani.

Aliitwa Mama Ngalula. Alikuwa mtu wa Kasai, mjane wa Tata Mukendi aliyeendesha mashine kwenye machimbo ya upande wa Mutoshi. Wakati ule nyumba ya kambi ya machimbo ilikuwa sehemu ya kazi: kazi ikiisha, nyumba imekwisha. Tata Mukendi alipofariki, mfanyakazi mwingine alikuwa akiisubiri nyumba hiyo kabla majivu ya kilio hayajapoa. Vyombo vya mjane, pamoja na kitanda hicho, vikapakiwa kwenye mkokoteni na kushushwa stesheni, naye akapewa tiketi ya kurudi Kasai. Gari likaja, likaondoka, yeye akabaki. Likaja jingine, akabaki. Polisi walikuna vichwa, maana sheria ilimjua mzururaji na ilimjua msafiri; msafiri mwenye tiketi halali asiyesafiri haikumjua.

Wahenga wamesema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima zote kwa wahenga, nimeishi miaka ya kutosha kuthibitisha kwamba mengi yasemwayo hayapo wala hayaji. Kuhusu Mama Ngalula yalisemwa yote. Kwamba amechanganyikiwa. Kwamba anaililia nyumba ya kambi. Kwamba kuna bwana wa Dilolo aliyemwahidi ndoa, na kitanda ni cha kumpokea. Sisi watoto tulikuwa na habari nzito zaidi: kitanda kilikuwa mtego wa batumbula, wale watu wa kutisha waliosemekana kuwateka watu gizani na kuwatia guniani, waende kuliwa.

“Ilunga, kiguse basi, kama wewe ni mwanaume!” rafiki zangu walinichokoza.

“Kiguse wewe, mwenye unakuwa munene. Mi batanitoa wapi nyama?”

Nisiwaonee watu wa Kolwezi, walikuwa wema. Wanawake wa paroisse, yaani parokia ya kanisa, walimletea mjane mablanketi, ingawa blanketi alikuwa nalo. Wanawake wa kambini walimletea bukari, ugali wetu, ya moto iliyofunikwa sahani juu. Baba Ramazani, Mwislamu aliyetoka mashariki, ambaye lori lake lilibeba mihogo kutoka Sandoa, alikuja mwenyewe, akavua kofia, akampa chumba cha stoo nyuma ya nyumba yake, bure.

“Aksanti sana, Baba,” Mama Ngalula alimjibu. “Lakini siwezi kuingia mu nyumba ya mutu namna hii.”

Namna hii. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na wengine waliokuwapo waliyasikia. Hakuna aliyeuliza ni namna ipi.

Ijumaa asubuhi, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo, Sajini Kayembe, polisi wa stesheni na mteja wa mama yangu, alikuja kula andazi lake akiwa mnyonge. Amri ilikuwa imetoka. Gari la kesho asubuhi halitaondoka bila mjane. Asipopanda atabebwa, na kitanda kitatupwa.

Mama alijifuta unga mikononi. “Na nani alimuuliza?”

“Kumuuliza nini, Mama Ilunga?”

“Juu ya nini hapande treni.”

“Batu banasema eti...”

“Sikuulize batu. Nakuuliza: yeye, nani alimuuliza?”

Sajini alitafuna. Mama akanikabidhi kapu, akaingia bustanini, nami nikamfuata. Hakusimama akainama, kama walivyofanya wote waliomletea mjane vitu. Alikunja kitenge chake, akaketi chini, juu ya udongo wa baridi, macho yao yakawa sawa.

“Mama Ngalula, juu ya nini haulale ku kitanda?”

Mjane alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake baada ya muda mrefu.

“Nitalala je ku kitanda, ndugu yangu? Matanga yangu bado.”

“Bado? Banasema eti bamama ba paroisse balikuosha!”

“Balinitilia maombi. Kuniosha, hapana. Kama kuko mwenye aliniosha, mutaje jina.”

Niwaeleze ninyi mnaonisoma, kwa kuwa vijana wengi hawajui tena. Kwa wazee wetu, mjane alikaa chini kwenye mkeka. Hakulala kitandani, hakuingia nyumba ya mtu, hakusafiri, mpaka wanawake wa upande wa mumewe wamwoshe, wambadilishe nguo na kumwinua. Akisafiri kabla ya hapo, alikibeba kifo mgongoni na kukiingiza kwa watakaompokea. Huko Kasai angepokewa na dada yake mwenye watoto wachanga. Mama Ngalula hakuwa mkaidi. Alikuwa akiwalinda watoto ambao hakuwahi kuwaona.

Mama alipita mlango hadi mlango. Wanawake wa kambini walikuwa wamesikia kwamba paroisse imeyaondoa matanga. Wa paroisse walikuwa wamesikia kwamba ukoo wa marehemu umeyaondoa. Na kaku Mbombo, bibi kizee wa ukoo huo, aliyekaa ng’ambo ya soko, alijishika kichwa: “Hee! Mi nilisikia eti ba kambi balishamaliza!” Mji mzima ulikuwa umesikia. Hakuna aliyekuwa amefanya.

Alasiri hiyo walikuja na mikeka, masufuria na mbabula zao. Waliingia bustanini kwa mstari, wakayapita mabenchi bila kuyatazama, wakaketi nyasini kumzunguka mjane. Baba Ramazani alishusha matawi ya mkalitusi, mabichi, yenye moshi wa kutoa machozi hata kwa asiye na msiba.

“Baba Ramazani,” kaku Mbombo alimtania, “marehemu hakukuwa mu-Islamu.”

“Na hii baridi, kaku, ni ya dini gani?”

Kabla giza halijaingia, nyasi hazikuonekana tena. Watu wenye nyumba zao, wenye milango na vitanda, walijilaza chini mbele ya stesheni, na mtu hangeweza kutambua ni nani kati yao asiye na makao.

Sajini alifika na wenzake jua lilipochomoza. Alisimama ukingoni, buti zake zikikosa pa kukanyaga.

“Bamama, amri inasema apande leo.”

“Atapanda,” mama yangu alisema. “Tumulilie kwanza bwana yake.”

“Mutalia mpaka saa ngapi?”

“Weye uliona wapi kilio yenye kuwa na saa?”

Kicheko kilipita juu ya mikeka. Sajini aliwatazama wenzake, akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa barabara. Mama akampa andazi.

Wanawake wa ukoo wa marehemu walimwosha mjane nyuma ya vitenge vilivyoshikwa kama ukuta. Alipotoka alikuwa na kitambaa cheupe. Kaku Mbombo alimshika mkono, akamwinua kutoka mkekani, akamkalisha kitandani. Springi zikalia. Wanawake wakapiga vigelegele hadi dereva wa garimoshi akachungulia dirishani.

Sote tuliamini kwamba sasa atakaa. Baba Ramazani alikuwa amekwisha kuifagia stoo. Lakini Mama Ngalula aliangalia upande wa reli.

“Sasa munipeleke ku treni.”

Kitanda hakikuruhusiwa garini. Wengi walianza kukitazama kwa upendo wa ghafla. Yeye alikiwekea mkono, akasema: “Ule mwenye aliniuliza, ye ndo atakilalia.”

Hivyo kikaja kwetu, na mama alipozeeka kikaja kwangu, nilipooa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimeielewa hadithi hii: watu walimwogopa maiti, basi wakaweka mkeka. Nilisoma, nikafundisha, nikaitoa kama mfano wa hatari za uvumi.

Kisha mke wangu akafariki. Siku hizi matanga huondolewa jioni ya maziko yenyewe, kwa haraka, watu warudi makazini. Walipoondoka, nilikitazama kitanda kile kipana, nikatandika mkeka chini, ubavuni mwake. Sikumwogopa maiti. Sikuweza tu kuisikia sauti ya springi za mtu mmoja. Ndipo nilipojua kwamba wazee hawakumkataza mjane kitanda kwa hofu peke yake. Walimkataza jambo ambalo asingeliweza, ili asilazimike kumweleza yeyote.

Wanangu walisikia kwamba baba analala chini. Walinong’ona uani kuhusu umri wangu na akili zangu. Mmoja akataka kununua godoro jipya. Wa mwisho, binti yangu, hakunong’ona. Aliingia chumbani, akakunja kitenge chake, akaketi sakafuni.

“Tata,” akasema, “juu ya nini haulale ku kitanda?”

Nilimjibu. Jioni wanangu wote walikuja, na mikeka.