Alama Nane za Ntate Lepekola

Saa moja na nusu asubuhi, moshi unapanda taratibu juu ya nyumba za mawe za kijiji cha Ha Letlatsa, na 'Matumelo Ntsane anamfukuza mtu nyumbani kwake mwenyewe, kwa adabu.

"Baba, naomba ukawaangalie ng'ombe kidogo," anamwambia mwanamume aliyesimama mlangoni, blanketi begani.

"Ng'ombe wameshatoka, Mama."

"Basi kaangalie walikopita."

Mwanamume anacheka. Ameelewa. Anashika fimbo yake na kutoka, na ndani wanabaki 'Matumelo na mama wa yule bwana, ajuza aliyevunjika nyonga wakati wa mavuno na ambaye tangu hapo hajatoka kitandani.

'Matumelo anakaa kwenye mkeka. Hafungui mkoba wake. "Nikija tena wakati wa baridi, ungependa nikute nini kimebadilika humu?" anauliza. "Usiniambie anachotaka mwanao. Niambie unachotaka wewe."

Ajuza anaukwaruza ukingo wa blanketi kwa ukucha. Halafu anasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa, "Nataka kitanda kigeuzwe. Hapa nilipo nauona ukuta tu. Siwaoni wapita njia."

Miezi mitano mwanawe amekuwa akimwambia kila mgeni kwamba mama yake anataka kupona nyonga.

'Matumelo, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mhudumu wa nyumbani katika vijiji vya milimani vya Quthing, kusini mwa Lesotho. Huwatembelea wazee, waliopigwa na kiharusi na wenye ulemavu kwa niaba ya kituo kidogo cha huduma. Posho yake ni maloti mia tisa kwa mwezi, ambazo, anasema, "zinaisha kabla sijazikunja." Zamani alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha suruali mjini Maseru, mpaka kiwanda kilipofunga milango.

Sehemu moja ya kazi yake ni kupima. Kila baada ya miezi mitatu hujaza fomu ya maswali inayoonyesha kama mtu anaendelea vizuri au anarudi nyuma, na kila jibu lina alama hadi kumi. Kwa alama hizo kituo huamua nani aendelee kutembelewa na nani amefika pa kuachwa, ili nafasi yake apewe mwingine anayesubiri.

Lile swali la wakati wa baridi halikuwamo katika fomu. Lilianza kwa Lepekola Mohale, ambaye wote humwita Ntate, yaani baba au bwana.

Ntate Lepekola alikuwa mchimba dhahabu kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Alirudi kutoka migodini na kifua kizito, akanunua kondoo, akamzika mkewe, na alipofika miaka sitini na minane kiharusi kilimwangusha zizini. Upande wa kulia ukafa ganzi. Mwanawe wa pekee, Tsepang, yuko Afrika Kusini kwenye mashamba ya machungwa. Nyumbani alibaki mke wa Tsepang, 'Mapalesa, na watoto wawili wadogo.

Kila Jumatano 'Matumelo alipanda kilima kwenda kumfanyisha mazoezi. Alimpa mpira wa matambara aukamue. Alimsimamisha kwa kushika meza. Mzee alikuwa mkali wa maneno na mvumilivu wa maumivu, na mkono ukaanza kurudi, kisha mguu. Mwezi wa Machi alitembea kwa mkongojo hadi kwenye lango la zizi, akawatukana kondoo wake wote kwa majina.

"Nilifurahi kama nimezaa," anasema 'Matumelo.

Fomu ilipojazwa, mzee alipata wastani wa alama nane kati ya kumi. Hakuna mtu katika vijiji vyote vya kituo aliyewahi kupanda hivyo kwa muda mfupi hivyo. Jina lake likaandikwa kwenye ripoti. Ikaamuliwa kwamba wafadhili watakapokuja watapelekwa kumwona, na kwamba baada ya hapo atahesabiwa kuwa amefaulu na ziara zitakoma.

Ila suruali ilikuwa inamvuka. 'Matumelo aliliona hilo Jumatano moja alipokuwa akimsimamisha. Mshipi ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na bado mzee alikuwa ameongeza kamba.

"Anakula?" alimuuliza 'Mapalesa uani.

"Nampikia, Mama. Ugali, mboga, hata nyama tukiipata. Anamega kidogo, anasukuma sahani. Uji wa asubuhi haugusi kabisa."

"Na maji?"

'Mapalesa aliinamisha kichwa. "Muulize mwenyewe," alisema, akaingia jikoni.

Alimuuliza. Mzee akajibu kwamba yeye si ng'ombe wa kupelekwa mtoni.

Juma lililofuata hakukuwa na wa kuulizwa. Ntate Lepekola alikutwa asubuhi anaweweseka, midomo imepasuka, anamwita marehemu mkewe. Majirani walimfunga kwenye machela ya mablanketi wakamteremsha hadi zahanati. Muuguzi alimtundikia dripu na kumwambia 'Matumelo kwamba ugonjwa ni wa njia ya mkojo, lakini chanzo chake ni kiu. "Huyu mtu amekauka, Mama. Nani anamnyima maji?"

Hakuna aliyekuwa akimnyima.

'Matumelo alimpigia simu msimamizi wake, Relebohile, binti wa miaka thelathini aliyesomea ustawi wa jamii. Wakapanda kilima pamoja mzee aliporudishwa nyumbani. Relebohile aliketi na fomu mapajani, akaipitia mstari kwa mstari, akasimama kwenye swali la choo.

"Hapa umempa alama zote," alisema.

"Swali linauliza kama msaada wa kwenda chooni unapatikana, Dada. Unapatikana. 'Mapalesa yupo mchana na usiku."

Relebohile alitazama nje, mahali 'Mapalesa alipokuwa anapepeta mtama, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Relebohile naye ameolewa. "Mama," alisema polepole, "baba mkwe wako wewe ungemfanyia hivyo?"

Katika vijiji hivi mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe wake, hata neno linalofanana nalo hulikwepa. Hamkabidhi kitu mkononi. Sahani huiweka chini, mzee akaiokota. Hakai mbele yake kichwa wazi. 'Matumelo ameyaishi hayo tangu alipoolewa, na kwa nusu mwaka alikuwa akikaa ndani ya nyumba ile bila kujiuliza nani anamvua mzee nguo.

"Nenda ukaongee naye peke yako," Relebohile alimwambia. "Mimi ni mtoto kwake, hatanijibu. Mimi nitakaa na mwenzangu huyu."

Mzee alikuwa kwenye jiwe kando ya zizi. 'Matumelo hakumkabili. Alikaa ubavuni mwake, wote wawili wakawatazama kondoo.

"Ntate, unaogopa nini kwenye maji?"

"Siogopi maji."

"Basi nini?"

Ulimi wake mzito ulimfanya arudie jibu mara mbili. "Nikinywa, nitakwenda. Nikienda, nani ananishusha suruali? Mke wa mwanangu. Jina langu hawezi kulitaja, lakini ananipangusa." Akageuza uso. "Wewe kila Jumatano unaniambia kamua mpira, nyanyua mguu. Nakamua. Nanyanyua. Hujawahi kuniuliza nataka huo mguu unipeleke wapi."

Nyumbani, 'Mapalesa alikuwa akimweleza Relebohile upande wake. Alipomhudumia mzee alijifunika uso wote kwa blanketi na kufanya kwa kupapasa, huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili wasisikiane. Akimaliza alikwenda nyuma ya nyumba kulia. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa. Alikuwa amepanga kurudi kwao Tsepang atakapokuja Krismasi.

"Si kwamba simpendi," alisema. "Nampenda. Lakini nilikuwa na baba mkwe, sasa sina. Nina mtu ninayemwosha, na yeye hanitazami."

Jioni ile 'Matumelo na Relebohile walikaa ukingoni mwa njia na kuijaza fomu upya. Choo: sifuri. Kula na kunywa: moja. Amani nyumbani: moja. Mkono na mguu viliachwa palepale vilipokuwa. Wastani ukateremka hadi tatu.

Ofisini haikupokelewa vizuri. Ripoti ilikuwa imeshakwenda, wageni walikuwa njiani. Meneja, mtu mwenye haraka asiye na roho mbaya, alimwita 'Matumelo na kumuuliza amemfanyia nini mzee wa watu hadi akaporomoka namna ile ndani ya mwezi mmoja.

"Hajaporomoka, Ntate," alimjibu. "Hapo ndipo alipokuwa siku zote."

"Kwa hiyo wageni niwaonyeshe nini? Kwamba tulikosea?"

"Waonyeshe tunachofanya sasa," alisema Relebohile. "Tukiacha nane, ziara zinakoma mwezi ujao na yule mzee anakufa na alama nzuri."

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe alisema waandike tatu, ila wageni wapelekwe kijiji kingine. Mwaka ule eneo la 'Matumelo lilishika mkia, na wenzake wawili watatu walimtania kwamba yeye ndiye mhudumu anayewarudisha watu utotoni.

Aliwaacha wacheke. Alikuwa na kazi ya kushona. Alizifumua suruali zote za Ntate Lepekola, akatoa vifungo na zipu, akatia mpira kiunoni ili ziweze kushushwa na kupandishwa kwa mkono mmoja. Jirani aliyejua useremala alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu na mikono miwili ya kushikia, wakakiweka ndani ya choo cha mabati. Kutoka mlangoni hadi chooni wakachimbia nguzo na kufunga bomba kuukuu la maji liwe la kujishikia.

Kisha mazoezi yakaanza, na safari hii mpira wa matambara uliwekwa kando. Mzee alijifunza kukaa na kuinuka kwenye kile kiti. Alijifunza kujipangusa kwa mkono wa kushoto, na alijifunza akiwa amevaa nguo zake zote, mlango wazi, 'Matumelo akimwonyesha kwa vitendo mpaka wote wawili wakaangua kicheko.

"Ungeniona siku ile nakalia kile kiti na sketi yangu, najizungusha kama kuku anayetafuta pa kutagia," anasema. "Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka."

Mzee alianguka pia. Aliwahi kuanguka mlangoni akapasua nyusi, akaapa kwamba harudi tena kwenye kile kijumba cha mbwa. Siku ya pili alirudi.

Mwezi wa Septemba, mipichi ikiwa imechanua maua ya rangi ya waridi kijiji kizima, 'Matumelo alifika akamkuta 'Mapalesa amesimama uani, mikono kifuani.

"Yuko ndani," alinong'ona.

"Ndani wapi?"

"Kule. Amekwenda mwenyewe. Amefunga mlango, Mama. Amekaa mpaka nimeanza kuogopa, lakini siwezi kumwita."

'Matumelo alisogea akabisha bati. "Ntate! Uko salama?"

"Mwanamke!" sauti ilitoka ndani, nzito lakini wazi. "Hata humu umenifuata? Nenda ukapike!"

'Mapalesa alijifunika mdomo kwa kitambaa. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

Asubuhi ile mzee alimaliza bakuli la uji, akaligonga kwa kijiko kuomba la pili. 'Mapalesa alilijaza, akaliweka chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa vizuri, akarudi nyuma hatua mbili. Mzee akaliokota na kumshukuru. Nguo zilizofungwa zilifunguliwa kabla ya Krismasi, na Tsepang aliporudi hakuambiwa kwamba zilikuwa zimefungwa.

Miguu ya Ntate Lepekola haikupona zaidi. Katika swali la kutembea bado anapata tano, na Relebohile anaamini hatapita hapo. Amenenepa. Anakwenda kwenye vikao vya kijiji na kuwakatiza watu maneno.

Kituo sasa kimeliweka juu kabisa ya fomu swali ambalo mzee alilalamika kwamba hakuulizwa. Mteja huulizwa peke yake, na jibu huandikwa kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni kitanda kugeuzwa. Alama hupimwa kuanzia hapo. 'Matumelo hadai kwamba limemaliza matatizo. Wengine hujibu yale wanayodhani mhudumu anataka kuyasikia. Wengine hawana jibu, kwa sababu hawajaulizwa wanachotaka tangu walipokuwa wadogo.

Na wapo wasioweza kusema kabisa. Hao ndio wanaomnyima usingizi siku hizi. Ng'ambo ya mto Senqu kuna msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Keneuoe, aliyezaliwa na viungo vilivyokakamaa na asiyetoa neno. Katika fomu zake zote tangu utotoni, majibu ni ya shangazi yake.

'Matumelo amekuwa akikata maboksi ya sabuni na kuyachora kwa mkaa: kikombe, mlango, kanisa, redio, farasi, watoto wanaocheza, mtu aliyekaa peke yake juani. Michoro si mizuri; farasi, anakiri, anafanana na benchi. Anatumaini kuwafundisha wahudumu wenzake wa bonde lile kuitumia kabla ya baridi kuanza, Keneuoe akiwa wa kwanza. Jumatatu atavuka mto, aitandaze mbele ya msichana ili ajibu kwa macho, na amwombe shangazi akateke maji.

"Sijui ataangalia upi," anasema, akiifunga michoro kwa uzi. "Shangazi yake naye hajui. Ndiyo maana naenda."