Swali Nililosahau Kuuliza Kwenye Bima ya Safari

Jambo hili nimelificha kwa muda mrefu, na wanaolijua wananistahi kiasi cha kutolitaja mbele ya wageni, lakini leo nalisema mwenyewe kabla halijasemwa na mwengine likatiwa chumvi: mimi Mhina, mtu wa Tanga, niliyejifanya bingwa wa bima katika mji wa Mombasa, niliumbuliwa mchana kweupe na swali moja la msichana wa ofisini.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nafanya kazi katika kampuni ya usafirishaji kule Shimanzi, nafuatilia mizigo ya Uganda na Zambia, na kila baada ya wiki chache natumwa nje, siku nne Kampala, siku tano Lusaka, halafu narudi chumbani kwangu mtaa wa Kuze, nyumbani kwa Maalim Athmani, mwalimu wa madrasa aliyenipangisha tangu nilipofika. Basi siku moja meneja akatuita sisi wafanyakazi wageni, yaani mimi, dada mmoja Mganda aitwaye Nakato, na wengine watano, akatuambia kwamba bima ya matibabu ya kampuni inaishia mpakani, kwa hiyo kila anayesafiri ajichagulie bima ya safari, kampuni itailipia. Wenzangu walinuna. Mimi nilifurahi (napenda kusoma maandishi madogo, hata pakiti ya majani ya chai huisoma mpaka mwisho).

Wiki mbili nzima nikawa nazunguka kwa mawakala wa bima na daftari langu. Nikiumwa na nyani, mnalipa? Na kama nimemchokoza mimi? Begi likipotea nimelikalia, hilo limepotea au limeibwa? Homa niliyoondoka nayo Mombasa ikinizidia Kampala, inahesabiwa ya wapi? Wengine walinijibu, wengine wakiniona naingia wanakumbuka kwenda kula saa nne asubuhi. Ila katika ofisi moja karibu na posta kulikuwa na binti mmoja, Ruwaida, aliyenijibu maswali yote bila kuchoka, akifunua kurasa, na mimi nilijifunza mengi kwake: kwamba kuna bima ya safari moja moja na kuna ya mwaka mzima, na hii ya mwaka inakulinda kila unapotoka, mradi safari moja isizidi siku thelathini. Kwa watu wa kwenda na kurudi kama sisi, hiyo ndiyo iliyofaa, na mpaka leo nasema sikukosea kuichagua.

Nilikosea kwenye fomu. Palikuwa na mstari umeandikwa "Nchi unamoishi," na kalamu yangu ikasita hapo, kwa sababu Mombasa nilikuwa nimekaa miaka sita, lakini pasipoti yangu ni ya Tanzania, kibali changu cha kazi ni cha miaka miwili miwili, na mama yangu kila barua ananiuliza narudi lini, nikaona nikiandika Kenya nitakuwa kama nimehama moja kwa moja. Maswali yote yale niliyouliza, hili sikumwuliza mtu. Nikaandika Tanzania. Kisha (na hapa ndipo aibu ilipoanza kuzaa) nikarudi kazini nikawajazia wenzangu wote sita. Nakato aliniuliza kama aandike Uganda au Kenya, nami nikamjibu kwa sauti ya hakimu, "Dada, mtu huandika kwao."

Mwezi wa pili wa bima hiyo, nikiwa Kampala, nikaenda kuchunguza ngazi za dharura za hoteli, kwa kuwa kijitabu cha bima kilizitaja na nilitaka kuziona, sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi, nikateleza nikavunjika mkono wa kulia. Mtasema nilihuzunika. Maumivu yalikuwepo, lakini moyoni nilikuwa na hamu ya kuona ile bima inavyofanya kazi, hata niliporudi Mombasa na mkono kwenye plasta nikamwalika Nakato, aliyekuwa anaondoka kesho yake kwenda Lusaka, aje ajionee fidia inavyodaiwa. Maalim Athmani naye akanifuata, anishikie faili.

Ofisi ilikuwa imejaa. Ruwaida alinipa pole, akasoma karatasi za hospitali, akaitazama fomu yangu, kisha akaniuliza kwa upole, "Bwana Mhina, safari hii ulitoka nyumbani lini?"

Nikamwambia Jumatatu, alfajiri.

"Nyumbani Tanzania?"

Nikacheka, nikamwambia la, Tanzania nilitoka miaka sita iliyopita.

"Basi kwa fomu hii safari yako ina miaka sita," akasema. "Sisi twalipia siku thelathini."

Benchi zima likageuka. Nikapandisha sauti kwamba mimi naishi hapa hapa, nikamtaja Maalim awe shahidi, naye akathibitisha kwamba nakaa kwake tangu nilipokuja. Ruwaida akasema kama ni hivyo, basi nilichoandika si kweli. Nikabaki nimesimama, sina upande wa kukimbilia.

Ndipo Nakato akauliza polepole, "Na yangu uliiandikaje?"

Mkuu wa ofisi akatoka ndani, akaeleza kwamba aliyekwisha kuumia hana la kufanya, lakini wasioumia wanaweza kusahihisha, mradi waje wenyewe kutia sahihi. Nakato akasahihisha pale pale, bila kunitazama. Ikabidi nipige simu Shimanzi, na wale watano wakaja kwa pikapu ya kampuni, wakapanga foleni nyuma yangu wakinisalimu kwa heshima ya kunikejeli, na baada ya muda meneja naye akaingia, maana aliona ofisi yake imebaki tupu.

Mwisho ikawa zamu yangu, kwa ajili ya safari zijazo. Mkono haukuweza kuandika, kwa hiyo Ruwaida akanijazia, akiuliza kwa sauti na watu wote wakisikiliza, "Nchi unamoishi?"

"Hapa," nikasema. Akangoja. "Kenya. Mombasa. Kuze, kwa Maalim Athmani."

Fidia sikupata. Tulirudi kwa miguu mimi na Maalim, yeye kashika faili, mpaka tulipokaribia mlangoni kwake, akasimama.

"Miaka sita wala na kulala kwangu, Mhina," akasema, "kumbe u safarini."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku hiyo sijajaza fomu ya mtu mwingine, hata anibembeleze vipi, na karatasi yoyote ikiniuliza naishi wapi, naweka kalamu chini kwanza, namwuliza aliyenipa anataka kujua nini hasa.