Uyoga wa Mama Advera

Miaka ishirini na sita Mama Advera aliwapikia mapadre wa Kiitaliano katika nyumba moja karibu na Kipalapala. Alipostaafu alirudi kwake Ipuli na mapishi yao yote kichwani: tambi za nyanya, maharage ya mafuta ya zeituni, na ule wali mzito unaokorogwa polepole kwa supu ya kuku na uyoga. Marehemu Padre Silvano ndiye aliyemfundisha kuukatakata uyoga mpaka ufanane na punje. Mama yake mzazi, Mnyamwezi wa Isikizya, alikuwa amemfundisha kwanza kuutazama.

Jumapili moja aliyoalika wageni, mvua ikiwa imetoka kunyesha, alichuma uyoga msituni, akaukata, akaukaanga kwa kitunguu saumu, akautia mchele. Wali ulipoiva akaanza kukusanya mabaki ya uyoga awatupie kuku, na kidole chake kikagusa shina lenye kifuko mguuni. Kifuko peke yake hakikumtisha, kwani uyoga mtamu kuliko wote wa misitu ya Uyui nao unacho. Lakini huo ni wa manjano. Mweupe wenye kifuko huua. Akaliinua shina dirishani. Manjano. Akashusha pumzi, kisha jicho likaangukia ukuta uliopakwa chokaa nyeupe juzi. Nao ulikuwa manjano.

Tangu Pasaka macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa manjano, naye alilificha jambo hilo, asije bintiye Katarina akamhamishia kwake Mwanza na kumpokonya jiko.

“Katarina, hebu njoo. Shina hili lina rangi gani?”

“Mama nawe, leo unanipa mtihani wa chekechea?” Katarina akacheka. “Jeupe. Jeupe kama karatasi.”

Advera aliinyanyua sufuria kwa kanga, akaipeleka chooni, akaimwaga yote shimoni. Aliporudi, mdogo wake Modest alikuwa amesimama mlangoni.

“Dada, wageni tumeketi, wewe unalilisha shimo chakula cha Roma? Heri yangu mimi niliyewahi vijiko viwili ulipotoka kuchuma kotimiri.”

“Umekula?”

“Kidogo tu. Mbona mzima?”

Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, kwa maana uyoga ule hauna haraka: humwacha mtu acheke, alale, ndipo umkamate ini. Akalifunga shina katika karatasi, akamwagiza Katarina aite bajaji. Njia nzima Modest alilalamika kwamba anapelekwa hospitali kwa kosa la kushiba, na Advera alisali Salamu Maria bila kutoa sauti, akirukaruka maneno aliyoyajua tangu utotoni.

“Mgonjwa anaumwa nini?” muuguzi aliuliza.

“Bado haumwi,” Advera alisema, akilifungua lile shina mezani. “Amekula uyoga wa sumu. Nimeupika mimi. Macho yangu hayaoni tena.”

Katarina akageuka kumtazama. Modest alipapasa pembeni yake, akautafuta mkono wa dada yake.