Mbwa Walioachwa kwa Bibi Yangu Wamaza

Kiangazi kilichopita nilikuwa natoka Kasongo kwenda Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, na vitenge vyangu vya kuuza, dereva wa pikipiki akasimama Wamaza ili injini ipoe. Sikumwomba asimame pale. Lakini nilipojipangusa vumbi nikajikuta kwenye kiwanja cha bibi yangu mzaa mama, aliyenilea utotoni. Nyumba haipo tena, nyasi zimejaa. Wewe uliyekulia kijijini utanielewa nikikuambia kwamba pua ilikumbuka kabla ya kichwa: nilisikia harufu ya ukoko wa wali.

Ukoko ule ulikuwa kazi yangu. Bibi alilima mpunga na kuwapikia wasafiri wali na sombe, yaani kisamvu, yenye mawese kando ya barabara. Wakishakula, mimi nilikwangua chungu, nikachanganya ukoko na vichwa vya ndakala, wale dagaa wakavu, nikawapelekea mbwa nyuma ya nyumba. Chombo chao kilikuwa chao peke yao, maana bibi alikuwa mtu wa swala tano. Jikoni, kwenye msumari, alitundika kitenge kikuukuu alichokiita nguo ya mbwa. Alijifunga hicho akienda kuwashika, kisha akakivua, akanawa, akaingia kuswali. Wanawake wenzake msikitini walimtania kwamba malaika watapita mbali na nyumba yake, naye akacheka pamoja nao.

Hao mbwa hawakuwa wake. Huko Salamabila, mchimbaji akianza shimo jipya hutafuta mbwa wa kumlindia hema, na mtoto wa mbwa nani asiyempenda? Dhahabu ikikauka, mtu hupanda pikipiki na gunia lake la vyombo, na mbwa hana nafasi. Wa kwanza aliachwa na kijana mmoja aliyekula wali wetu na kusema atampitia. Habari zikaenea barabara nzima kwamba Wamaza kuna bibi asiyekataa, na kuanzia hapo wakaletwa mfululizo.

Bibi hakudai kitu. Alikuwa na sharti moja tu, na alilisema akiwa anaendelea kupepeta mchele wake.

"Umuambie weye mwenyewe kama unaenda na haurudie. Imbwa ya kudanganywa inangojaka barabarani mpaka inakufa."

Ungewaona wanaume wale! Mikono migumu ya kupasua mawe, lakini wakichuchumaa mbele ya mbwa wanachora mchanga kwa kidole. Wengine walidhani bibi amezeeka vibaya. Wengi walikohoa, wakamshika mbwa kichwa, wakasema, "Nitarudia," yaani watarudi kumchukua, na bibi akageuza uso. Mbwa wa watu hao ndio walioinuka kila pikipiki iliponguruma.

Jirani yetu, mwalimu wa kanisa, hakuacha kumchokoza, akimwita nkambo, yaani bibi. "Nkambo, mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Hawa wageni yako watalima lini?" Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilituhini na mzaha ukaisha. Mpunga ulikuwa haba, ukoko tukaula wenyewe. Mbwa wakaanza kuiba mayai, halafu kuku. Asubuhi moja yule jirani alifika na manyoya ya mtetea wake mkononi. Hakutukana. "Nkambo," alisema, "unabeba mizigo ya batu wenye hawajue hata jina yako." Bibi akajibu kwamba anajua. Jioni yake akapokea mbwa mwingine. Mimi nilimkasirikia sana, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Mguu wake ulipovimba hata asiweze kusimama kwa muda jikoni, mama alikuja kutuchukua twende Kasongo, kwenye hospitali. Bibi akazunguka kijiji kizima na mkongojo wake, akiomba kila nyumba ichukue hata mbwa mmoja. Mwindaji mmoja alichagua wawili wenye miguu mizuri. Wengine walimpa pole na maji ya kunywa. Aliwauliza hata wachimbaji waliopita barabarani, na baadhi yao ni wale wale waliokuwa wamewaacha. Walitazama pembeni.

Asubuhi ya safari alijifunga ile nguo ya mbwa, akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mama akimhimiza. Aliwaita mmoja mmoja, akawaambia kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, kwamba anaondoka na hatarudi. Akafika kwa jike mmoja wa manjano, mwenye sikio lililokatika, mkongwe wao, aliyezoea kulala karibu na mguu wake mbovu. Alimshika sikio lile na kulisugua kwa kidole.

"Nitarudia," alisema.

Kule Kasongo aliuliza habari za kila mtu wa Wamaza, za mpunga, za mvua, hata za watu aliogombana nao. Lakini wale mbwa hakuwataja hata mara moja mpaka alipokufa. Kimya chake hicho kiliniuma, na kinaniuma hadi leo.

Sasa, pale kiwanjani, aliyenitambua ni yule yule jirani, mzee kabisa. Nikamuuliza nilichokuwa naogopa miaka yote: mbwa wa bibi waliishia wapi? Alisema walitawanyika, wengine wakafa. Hilo nilikuwa nalijua moyoni.

"Lakini batu hawakuacha kuleta," akaongeza.

"Kumletea nani?"

"Walijua kama hayuko. Nyumba ilikuwa haina tena hata mulango. Wanafunga imbwa kwa nguzo, wanaenda. Miye nilikuwa nafungua kamba."

"Kisha?"

Alitazama mikono yake. "Kisha nawafukuza na mawe, mutoto yangu. Ningewapa nini?"

Sikumlaumu. Nililia palepale mbele ya dereva, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Sote tulikuwa tunasema bibi ana moyo mwema, na tukishasema hivyo tunamwachia kazi. Wali wake naukumbuka, lakini ninachokililia ni ile haya ya wale wachimbaji. Kwake, mtu alilazimika kuchuchumaa akutane macho kwa macho na mbwa wake kabla ya kupanda pikipiki. Siku hizi, jirani aliniambia, nguzo haipo na hakuna anayesimama. Wanamtupa mbwa pikipiki ikiwa bado inakwenda.