Mafuta Yenu Yamepanda

Wenzake kazini walimwita Bi Chenji, na jina hilo alilipata kihalali. Katika lile duka kubwa, ambako makeshia wengi humrudishia mteja pipi sarafu zikikosekana, yeye hakumpa mtu pipi hata siku moja. Aliomba sarafu kaunta ya jirani, foleni nzima ikimsonya, mpaka mwenye haki yake aipate. Ukimuuliza, atakwambia pipi hainunui chumvi.

Duka lenyewe lilikuwa la wale wauzao rahisi kuliko wote. Jengo kama ghala, taa nyeupe za kuumiza macho, sabuni na sukari zimeachwa ndani ya maboksi yaliyochanwa upande mmoja, maana kupanga rafu ni kazi na kazi ni gharama. Watu walilitukana kwa foleni zake na toroli zake zenye gurudumu bovu, kisha Jumamosi wakarudi. Bi Chenji aliujua urahisi ule ulikotoka. Keshia alisimama zamu nzima, kiti hakuna. Akimaliza kulipisha alishika ufagio, akiweka ufagio aliitwa ghalani kubeba maboksi. Nauli ilipanda, kodi ya nyumba ikapanda, mshahara ukakaa pale pale kama jiwe la mafiga. Jioni alirudi vifundo vya miguu vimeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Aliishi na dada yake. Mume wa Bi Chenji alikuwa ameaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Maisha aliyapata, ila aliyapata huko huko. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa cherehani. Vyumba vyao vilikuwa viwili. Kimoja walilala, kingine kilikaliwa na cherehani, meza ya kukatia na vitambaa vilivyokosa wenyewe. Zamani dada alishona sare za shule za mtaa mzima. Kisha lile duka likaleta sare zilizoshonwa tayari, tena kwa bei ambayo yeye asingepata hata kitambaa. Wateja wakamponyoka mmoja mmoja. Wengine waliona haya, wakawa wanapita upande wa pili wa barabara na mifuko yao. Akabaki na zipu za kubadilisha na suruali za kupunguza. Na kwa kuwa kipato kimekonda, naye ikambidi akanunue kule kule kwenye rahisi. Duka limenipokonya tonge, alikuwa akisema, halafu linaniuzia tonge langu kwa ofa. Akisema hivyo alicheka, ila si sana.

Ndipo wafanyakazi wakaanza kunong'onezana. Kwanza makeshia, kisha watu wa ghala, mwisho wakakutana na kuunda kamati, wakamsukumia Bi Chenji usemaji. Yeye hakuutaka. Walimwambia wateja wanamwamini kuliko wanavyomwamini meneja, na hilo hakuweza kulikana. Wakaomba mambo mawili: nyongeza ya mshahara na viti kwenye kaunta.

Meneja hakuwajibu wao. Aliwajibu wateja. Alibandika tangazo mlangoni kwamba wafanyakazi wakiongezwa mshahara, bei za bidhaa zitapanda. Ilikuwa hila safi. Tangu asubuhi ile kila aliyefika kaunta alimtazama keshia kama mtu aliyekamatwa ametia mkono kwenye sufuria ya mwenzake.

Kamati ikatangaza mgomo, redio nayo ikaudaka. Watu walipiga simu, wengine wakisema anayetoka jasho alipwe, wengine wakisema asiyetaka kazi aache, walio tayari ni wengi. Dada alisikiliza kipindi chote huku akikanyaga cherehani. Bi Chenji aliporudi alimkuta ameshatoa hukumu.

"Mdogo wangu, wewe una wa kumgomea," alisema bila kuinua macho. "Mimi nimgomee nani? Zipu?"

Bi Chenji alivua viatu, akainyoosha miguu juu ya kigoda. Akasema huo urahisi haushuki kutoka mbinguni, unatoka kwenye miguu hii. Dada akasimamisha cherehani. Aliitazama ile miguu kwa muda mrefu, na Bi Chenji akadhani ameeleweka.

"Na sare zangu zilitoka kwenye mgongo huu," dada akasema. "Zilipokufa, mbona hakuna aliyepiga simu redioni?"

Sare zile za dukani Bi Chenji alizilipisha yeye mwenyewe, fungu kwa fungu, akiwasalimia majirani na kuwatakia watoto wao masomo mema. Kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa alirudi nyumbani akalalamikia wingi wa wateja mbele ya mtu ambaye wateja hao walikuwa wake. Dada hakuwahi kumtamkia neno. Kumbe lilikuwapo, limekunjwa vizuri kama kitambaa kabatini.

Siku zilizofuata walikaa kama wapangaji. Chai aliikuta imefunikwa, maji ya kukanda miguu yamechemshwa, lakini mazungumzo yaliishia kwenye salamu.

Mgomo uliangukia Jumamosi ya ofa kubwa. Wafanyakazi waliketi nje ya geti juu ya maboksi waliyoyatandaza, wamevaa sare zao za kazi, wametulia. Meneja aliwatoa watu wa ofisini akawaweka kaunta, na duka likafunguliwa. Haukupita muda dada akatokea na kikapu. Wote walimjua. Akawasalimu kwa ujumla, kama mtu anayepita msibani asikohusika, akaingia ndani.

Jamaa mmoja wa ghala, waliyemwita Toroli kwa kuwa hakuwahi kwenda moja kwa moja kwenye jambo, alianza kuzunguka maneno kuhusu ndugu wasiojua undugu. Bi Chenji akamkatiza.

"Mwache. Anachokwenda kununua ndicho nitakachokula leo."

Yaliyotokea ndani waliyapata baadaye kwa mteja mmoja. Foleni ilikuwa imejikunja mpaka kwenye friji. Mhasibu aliyekalishwa kwenye mashine, au tuseme aliyesimamishwa, alikuwa akibonyeza na kufuta, akibonyeza na kufuta. Dada alisimama mpaka akaanza kuegemea toroli ya mwenzake. Akaomba kiti, akajibiwa kwamba dukani humo hakuna kiti. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema haya yote yameletwa na wale wavivu walioshiba walioketi nje. Dada akageuka taratibu.

"Yule mwenye kilemba cha bluu nimemlea mimi," akasema. "Nimemlea na njaa na nimemlea na homa. Uvivu sijawahi kumlea nao."

Hata hivyo hakukitupa kikapu chake. Alingoja zamu yake, akalipa, akatoka na mafuta na unga. Alipofika getini alisimama kidogo, akawatazama, kisha akajishusha kwenye boksi pembeni ya mdogo wake.

"Sijaja kugoma," akasema. "Miguu ndiyo imegoma yenyewe."

Walicheka wote, Toroli kuliko wote. Bi Chenji alisogea akampa nafasi zaidi, na dada akakaa pale hadi jua lilipoanza kupungua, chupa ya mafuta katikati ya magoti.

Mwisho wa mambo haukuwa mnono. Baada ya vikao vingi walipata sehemu ya nyongeza waliyoomba, na viti vichache vya kupokezana. Bi Chenji alihamishiwa ghalani kwa kile meneja alichokiita utaratibu wa kawaida, na ilibidi wateja wamuulizie kila siku ndipo akarudishwa kaunta. Bei za baadhi ya vitu zilipanda kweli, mafuta yakiwa ya kwanza. Kila alipomimina kikaangoni dada alisema, "Mafuta yenu yamepanda," na Bi Chenji alikubali kwamba yamepanda. Hawakufikia mwafaka ni nani kati yao alikuwa na haki. Ila sasa walibishana, na nyumba yenye ubishi ni afadhali kuliko nyumba yenye salamu tupu.

Mshahara mpya ulipotoka kwa mara ya kwanza, Bi Chenji alileta kitambaa cha kijivu akakiweka juu ya meza ya kukatia. Alitaka sketi. Dada alikipapasa kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nikushonee kwa bei ya dukani kwenu au kwa bei yangu?"

"Bei yako, dada."

Dada akaitaja. Haikuwa bei ya kindugu hata kidogo. Bi Chenji akafungua pochi, na dada akamwambia asimame wima apimwe kiuno.