Watoto Waliopotea Angani

Juzi katika soko la Daraja Mbili, kwenye lundo la mitumba, niliona kitabu chenye picha ya roketi, nikasikia tena mvua ikipiga mabati ya kwetu.

Ilikuwa Sabato, alasiri. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tata, baba yangu, alikuta kitabu kama hicho kimefichwa ndani ya Biblia yangu. Alisimama nacho kando ya meko, moshi wa kuni mbichi ukiniwasha macho. Nilijua atakichoma.

"Soma," akasema. "Kwa lugha yetu."

Nilitafsiri: watoto watatu wamepotea angani, mafuta yanawaishia.

"Mama yao anajua waliko?"

Kitabu hakikusema. Nilikuwa nimekisoma mara nne bila kujiuliza hilo. Nikadhani Tata ananicheka, uso ukaniwaka kwa aibu.

"Ni cha watoto tu hiki," nikasema, nikakitupa motoni mwenyewe.

Tata aliinama upesi, akaingiza mkono, akaambulia vipande vilivyoungua.

"Sasa tutajuaje kama walirudi kwao?"

Mimi nilijua. Mpaka tunamzika sikuwa nimemwambia.